FC au PES, Tekken au Mortal Kombat: gemu ya kuchagua kwa nyumba yenye watu wengi na padi mbili

Katika nyumba nyingi za Mombasa gemu haichezwi na mtu mmoja. PlayStation huwa ya kijana fulani kwa jina tu. Jioni ikiingia wameshafika binamu wawili, jirani wa ghorofa ya chini, na mjomba aliyepita kusalimu akaona afadhali aketi kidogo. Padi ni mbili, na ya pili mara nyingi analogi yake, kile kijiti cha kumwelekeza mchezaji, inavuta upande. Stima huweza kukatika kipindi cha pili kikiwa kimeanza, na bando likaisha kabla ya wiki. Sifa nyingi za gemu tunazosoma zimetoka kwa mtu aliyeketi peke yake, mwenye intaneti ya saa zote na asiye na anayemngoja ampishe. Kwetu kipimo ni kingine.

Kwa hiyo nimeziweka gemu ninazozipenda mbili mbili, na kila moja nimeiuliza mambo matatu. Watu wawili wanaweza kuicheza wakiwa wameketi pamoja? Intaneti ikikosekana, inabaki na nini? Na mgeni ambaye hajawahi kuishika, atachukua muda gani kabla hajaanza kufurahi? Picha nzuri nazipenda sana, lakini zije baada ya hayo. Nazungumzia zaidi PlayStation 4, kwa kuwa ndiyo ninayoikuta kwa watu. PS5 nitaitaja inapobadilisha uamuzi.

Mpira: EA Sports FC, PES 2021 na eFootball

Nianze na mpira maana hapa ndipo penye ubishi, kuanzia Majengo hadi Likoni. Kampuni ya EA na shirikisho la FIFA waliachana baada ya FIFA 23, iliyotoka 2022, na msururu ulioanza 1993 ukabadilishwa jina. Septemba 2023 ikaja EA Sports FC 24. Waliohofia kwamba gemu ingepotea pamoja na jina walitulia haraka: menyu, timu na uchezaji vyote vilikuwa vya ukoo ule ule.

Nguvu ya FC ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia majina na jezi za kweli. FC 24 ilitoka na wachezaji zaidi ya 19,000, timu zaidi ya 700 na ligi zaidi ya 30. Shabiki wa Arsenal anapewa Arsenal yenyewe, na jezi yake, na sura za wachezaji anaowajua. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu raha ya mpira wa sebuleni ni ubishi wa Jumamosi unaoendelezwa Jumapili kwa padi. Victor Wanyama alipokuwa Tottenham ulimkuta kwenye FIFA akiwa na bendera ya Kenya kando ya jina lake, na kuna watu walimpanga kikosini hata alipokuwapo kiungo mwenye alama nyingi zaidi. Bandari FC hutaikuta humo, wala timu nyingine ya ligi yetu. Natamani siku moja iwemo.

Uchezaji wa FC ni mwepesi kwa mgeni. Pasi hufika, shuti hulenga, na mchezaji mwenye mbio humwacha beki bila hila yoyote. Hapo ndipo uzuri unapogeuka kasoro: watu wakizoea, kila mechi inakuwa ya kumtafuta winga mwenye kasi na kurusha mpira nyuma ya mabeki. Ukicheza na mtu wa namna hiyo usiku mzima unachoka. Katika FIFA 19, ambayo diski yake bado ni nzuri kwa mashine ya zamani, kuna aina ya mechi ambayo timu inayofunga goli inapunguziwa mchezaji mmoja uwanjani. Kwa baba na mwanawe, au kwa fundi na mgeni, sijaona dawa bora ya kusawazisha mechi.

Kasoro mbili nyingine za FC zinahusu pesa. Ya kwanza ni kwamba toleo la PS4 si sawa na la PS5. Teknolojia waliyoiita HyperMotionV, inayochukua mienendo kutoka mechi za kweli, haimo kwenye PS4. Mwenye PS4 anayenunua toleo jipya kabisa anapata majina mapya ya wachezaji na mabadiliko machache, huku miguu ikiwa ile ile ya zamani. FC 25 iliongeza Rush, mchezo wa watano kwa watano, na kwa kweli unafurahisha. Lakini kama kwenu ni mechi za kawaida za wawili, toleo la mwaka mmoja au miwili nyuma linatosha kabisa.

Ya pili ni Ultimate Team, na hapa nawaomba wazazi wasome polepole. Ni sehemu ya gemu ambapo unajenga kikosi kwa kadi za wachezaji, na kadi hizo huja ndani ya pakiti ambazo huwezi kujua zina nani mpaka uzifungue. Pakiti hununuliwa kwa sarafu unazozichuma ukicheza, au kwa pointi unazozilipia pesa halisi. Unalipa, unafungua, unakosa, unalipa tena. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hii ni kamari kwa mujibu wa sheria zake, na mapema 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia. Katika mji ambao kamari ni haramu kwa familia nyingi, mzazi ana haki ya kujua kwamba kitu hiki kimo ndani ya gemu ya mpira yenye sura ya upole. Uzuri ni kwamba Ultimate Team inahitaji intaneti, na mtu anaweza kucheza FC miaka yote bila kuigusa. Usiunganishe kadi ya benki na akaunti ya mtoto, basi.

Sasa PES 2021. Konami, kampuni ya Kijapani yenye msururu wa PES, waliitoa Septemba 2020, na baada yake hawakutoa tena gemu ya mpira kamili ya kununua kwa diski. Mimi naipenda kuliko zote tatu, na sababu ni mpira wenyewe. Haunati mguuni. Pasi ukiipiga mwili ukiwa umegeuka inatoka mbovu, na beki anayejua kusimama mahali pake anamzuia hata mshambuliaji wa gharama. Mechi inaweza kwisha bila goli na bado watu wakawa wamesimama. Tena kuna Master League, ambapo unaiongoza timu misimu kwa misimu, unasajili, unauza, unalea vijana, na yote hayo hayahitaji intaneti hata kidogo.

Udhaifu wake ni majina. Konami walikuwa na Manchester United, Arsenal, Barcelona, Bayern na Juventus. Juventus walikuwa nayo peke yao, ndiyo maana kwenye FIFA 20 Ronaldo alichezea timu iliyoitwa Piemonte Calcio. Lakini Liverpool kwenye PES 2021 imeandikwa Liverpool R, na jezi ni za kubuni. Matoleo ya nyuma Chelsea iliitwa London FC. Mtu mzima anazoea. Mtoto wa miaka minane anayeipenda Liverpool hakubali. Kwenye PS4 kuna tiba: faili za majina na jezi sahihi zinazotengenezwa na mashabiki huingizwa kwa flashi, na vijana wanaojua kazi hiyo hawakosekani mjini. Kwa mgeni pia ni ngumu kidogo. Jioni ya kwanza atafungwa, na wengine hawarudi.

Kuhusu eFootball sitarefusha. Ilizaliwa 30 Septemba 2021 kuchukua nafasi ya PES, bure kwa kila mtu, ikiwa na timu tisa na sura za wachezaji zilizoharibika kiasi cha kuchekwa dunia nzima. Aprili 2022 ikarekebishwa sana, na leo mpira wake una utamu wa Konami ule ule. Tatizo ni kwamba imejengwa juu ya intaneti na pakiti za wachezaji, Master League haimo, na bila mtandao kinachobaki ni kidogo mno. Inamfaa aliye peke yake, mwenye waifai nyumbani na marafiki walio mbali. Kwa sebule iliyojaa haifai.

Uamuzi wangu kwenye mpira: nyumba ya watu mchanganyiko, wageni wa kila siku na watoto, ichukue FC ya mwaka uliopita au FIFA 23. Ndugu wawili au marafiki wanaolingana uwezo na wanaopenda mpira wa kufikiri, waitafute PES 2021 popote ilipo.

Ngumi: Tekken 7 na Mortal Kombat 11

Foleni ya padi ikiwa ndefu, gemu ya ngumi inaishinda ya mpira. Raundi ya Tekken ni sekunde 60, mshindi anabaki, aliyeshindwa anampisha mwingine, na hakuna anayekaa pembeni nusu saa. Usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, watu wakiwa wamejaa na kaimati ziko mezani, sioni gemu inayoizidi.

Tekken ina siri moja ya ujenzi ambayo wengi huicheza miaka bila kuitambua: vitufe vinne ni viungo vinne vya mwili. Mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, msalaba mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Ukijua hilo tu, gemu inaanza kueleweka. Nimemsikia mtoto akimfundisha mkubwa wake, "Shangazi, bonyeza hizi za miguu tu, mchukue Eddy," na shangazi akashinda raundi mbili. Eddy Gordo anacheza kapoera ya Brazil tangu Tekken 3, na mgeni akibonyeza mateke bila mpango anatoa kitu kinachopendeza. Mjuzi atamzuia, ndiyo, lakini mgeni ameshacheka na anataka kurudi.

Tekken 7, iliyofika kwenye PS4 Juni 2017, iliongeza jambo dogo lenye nguvu kubwa: wapiganaji wote wawili wakikaribia kuishiwa uhai na wakarusha pigo kwa wakati mmoja, picha inapunguza mwendo ili muone ngumi ya nani itafika kwanza. Chumba kizima kinanyamaza, halafu kinalipuka.

Kasoro zipo. Haifundishi. Imekupa wapiganaji wengi, kila mmoja na mapigo tele, kisha inakuacha. Hadithi yake ni fupi, na msimuliaji wake, mwandishi wa habari, anasoma kwa sauti isiyo na uhai. Kwenye PS4 unangoja sana kabla ya pambano kufunguka, na wapiganaji kadhaa huuzwa mmoja mmoja kwa kupakua. Lakini hiyo ya kutofundisha inazibwa na kukaa pamoja. Arslan Ash wa Lahore, Pakistani, alikomaa kwenye vyumba vya gemu vya mtaani kwao, akaenda Japani 2019 akashinda Evo Japan, shindano kubwa la gemu za ngumi, na mwaka huo huo akashinda Evo ya Las Vegas. Wajapani na Wakorea walikuwa hawamjui. Aliwaambia watu kwamba nyumbani kwao wapo wengine wakali, na wakali hao walipokuja kupambana dunia ikaamini. Naliwaza hilo kila nikipita kwenye banda la gemu mtaani na kuwaona vijana wamebanana mbele ya televisheni moja.

Mortal Kombat 11, ya Aprili 2019, inaizidi Tekken 7 kwa picha na kwa hadithi. Hadithi yake inatazamwa kama filamu, mnapokezana padi sura kwa sura, na inakufundisha wapiganaji wake taratibu kadiri unavyosonga. Kwa anayecheza peke yake ningesema achukue hii. Ila ina mambo mawili. Damu: mapigo ya kumalizia yanavunja mifupa na kupasua miili kwa ukaribu usiovumilika, na gemu imewekewa alama ya watu wazima kwa haki kabisa. Ukoo huu tangu toleo la kwanza la 1992 ndio uliochangia wabunge wa Marekani kuitisha vikao, na 1994 ikaanzishwa bodi ya kuzipa gemu alama za umri. Katika nyumba ambayo watoto wanapita sebuleni kuelekea jikoni, siiweki. Jambo la pili ni kwamba sehemu zake kubwa mbili, Krypt (mahali pa kufungua masanduku ya zawadi) na Towers of Time (misururu ya mapambano ya majaribio), hufunguka kwa intaneti tu. Umenunua diski, lakini bando likiisha nusu ya uliyonunua imefungwa mlango.

Kwa nyumba ya watu wengi nachagua Tekken 7 bila kusita. Tekken 8 ilitoka 26 Januari 2024, inafundisha vizuri zaidi na inasukuma watu washambulie badala ya kungojana, lakini haipo kwenye PS4. Mwenye PS5 aende nayo moja kwa moja.

Za mchezaji mmoja: God of War na GTA V

Utashangaa kwamba gemu ya mtu mmoja inaweza kuwa ya sebule nzima. God of War ya 2018 ndivyo ilivyo. Kamera yake haikatiki tangu mwanzo mpaka mwisho, hadithi yote ni picha moja ndefu, na wanaotazama hawapati mahali pa kuinuka. Kratos ni baba asiyejua kuzungumza na mwanawe, Atreus; wanabeba majivu ya mama kwenda kuyamwaga kileleni, na njia nzima unamwona baba akijifunza kuweka mkono begani. Shoka analolirusha na kuliita lirudi mkononi linatua kwa mtikisiko wa padi, na kila aliyeshika padi kwa mara ya kwanza hulirusha tena bila sababu, kwa raha tu. Inacheza kutoka kwenye diski bila intaneti, na hujihifadhi yenyewe, kwa hiyo stima ikikatika unapoteza dakika chache.

Haikosi mapungufu. Majitu makubwa unayopigana nayo yanafanana mno, na ukifika la nne au la tano unaona wamelipaka rangi nyingine tu. Maandishi ni madogo kwa televisheni ndogo. Kwenye mipangilio utaweza kuyakuza. Ni ya miaka 18 kwa ukatili wake, na imejaa miungu ya kale ya watu wa Kaskazini, jambo ambalo baadhi ya familia zetu hazilitaki nyumbani, nami naliheshimu. Halafu inaifanya feni ya PS4 ingurume. Kwa joto na unyevunyevu wa pwani, iinue mashine isikae sakafuni wala ndani ya kabati lililofungwa, na isafishwe vumbi na fundi anayeaminika.

GTA V ni jambo jingine. Ilitoka Septemba 2013 wakati wa PS3, imeuza nakala zaidi ya milioni 200, na ustadi wake haujapitwa: watu watatu, Michael, Franklin na Trevor, unawahama katikati ya tukio, na mji wa Los Santos unaishi hata ukiwa umesimama tu kando ya barabara. Mtu mzima anayerudi kutoka kazini na kutaka kuendesha gari akisikiliza redio atapata starehe ya miezi. Lakini ina tukio la kumtesa mtu ambalo mchezaji analazimika kulifanya kwa mkono wake mwenyewe, lugha yake ni chafu, na watazamaji hawana cha kufuatilia mchezaji anapozurura. Tena inakula nafasi kubwa mno kwenye PS4 ya GB 500. Kati ya hizi mbili, sebuleni ni God of War baada ya watoto kulala. GTA V ibaki ya mwenye chumba chake.

It Takes Two haina mwenzake wa kuilinganisha naye. Ilitoka Machi 2021, na mwaka huo ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Haichezwi na mtu mmoja hata ukitaka: skrini inagawanywa, mmoja ni Cody, mwingine ni May, mume na mke waliokuwa karibu kuachana wakageuzwa wanasesere wadogo, na kila sura inawapa vifaa tofauti ili wasaidiane. Mmoja akipewa misumari, mwingine anapewa nyundo. Kwa mke na mume, au kwa ndugu wawili wanaogombana kutwa, ndiyo ninayoitaja kwanza. Wa tatu atakaa akitazama, na ukishaimaliza huna sababu kubwa ya kurudi. Pia kuna mahali wanamfanyia ukatili mwanasesere wa tembo anayelia. Mtoto mdogo atahuzunika kweli, basi muwe naye karibu.

Magari, kwa ufupi. Gran Turismo 7 ya Machi 2022 ni nzuri kwa macho na kwa mikono, na ina mbio za wawili kwa skrini iliyogawanywa, lakini sehemu yake kubwa haiendi bila intaneti. Mwezi ule ule ilipotoka mitambo yake ilizimwa zaidi ya saa 30, na watu duniani kote waliolipa bei kamili wakabaki wanaitazama menyu. WRC 9, gemu ya mbio za rali ya 2020, ina picha duni zaidi na ni ngumu kwa mgeni, ila ndani yake kuna Safari Rally ya Kenya, vumbi na mawe. Kwa hilo peke yake naiweka juu.

Unapokwenda kununua, diski iliyotumika ina faida kuliko kupakua: ukichoka nayo unaiuza au mnabadilishana na rafiki, na hulipii bando la makumi ya GB. Igeuze chini ya mwanga uangalie mikwaruzo, na umwombe muuzaji aiingize kwenye mashine yake mpaka gemu yenyewe ifunguke, si menyu pekee. PS5 yenye mlango wa diski husoma diski za PS4. PS4 haisomi za PS5 wala za PS3, na PS5 isiyo na mlango huo haisomi diski yoyote. Na padi ya pili ijaribuni kwa mechi nzima kabla ya kulipa, maana analogi mbovu haijionyeshi dakika ya kwanza.